Nuru Ilipata Wapi Nguvu Zake?

Hadithi ya leo, wanangu, haina sungura wala fisi. Ina jua, ina jiko la makaa, ina bwawa la Masinga, na ina watu waliobishana kwa zaidi ya miaka mia mbili kuhusu kitu kinachoingia dirishani mwenu kila asubuhi.

Nataka tuichunguze nadharia moja ambayo hamtaikuta katika kitabu cha shule, ingawa watu wengi huipenda mara tu wanapoisikia. Inasema kwamba nishati yote iliyoko ulimwenguni, kuanzia ile inayopika chapati hadi ile inayosukuma lori la mchanga kutoka mtoni, chanzo chake ni chembe za nuru. Moto, stima na msuli wa punda, vyote ni chembe hizo zilizojificha zikisubiri kutoka.

Msiicheke. Wala msiikubali kwa sababu tu inapendeza. Nadharia hufuatwa nyayo hadi mwisho wa njia, na hii tutaifuata tukianzia hapa Machakos, kwa maana ushahidi mwingi wa kuitetea uko miguuni mwetu.

Tuanze na jiko. Kaa jeusi unaloliwasha jioni lilikuwa tawi la mgunga. Majani ya mgunga ule yalipokea nuru ya jua, hasa nyekundu na ya buluu, na sehemu ya ile ya kijani yakaiachia irudi. Ndiyo sababu tunayaona ya kijani. Kwa nguvu ya nuru hiyo yakapasua maji, yakachukua hidrojeni yake, yakaiunganisha na kaboni dioksidi ya hewani, ikawa sukari. Sukari ikawa mti, mti ukawa kuni, kuni zikachomwa kwa moto ulionyimwa hewa, zikawa makaa. Ukilipepea jiko lako mpaka kaa likaiva jekundu, joto unalolisikia usoni ni nishati ya jua la miaka iliyopita. Hapo nadharia yetu imesema kweli.

Muthokoi wa mahindi uliokula mchana nao una historia hiyohiyo. Pale Katumani, karibu na mji wa Machakos, watafiti walizalisha mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika, na mbegu hiyo imesambaa katika maeneo makavu ya nchi. Hata hivyo hakuna mbegu, ya Katumani wala ya kwingineko, inayoweza kuishi bila nuru. Mmea wa shambani huhifadhi takriban asilimia 1 au 2 tu ya nishati ya jua inayoangukia majani yake, na kwa sehemu hiyo ndogo tunalima, tunacheza mpira na tunapanda vilima vya Iveti. Petroli na dizeli vilevile: ni mabaki ya viumbe wadogo wa baharini waliokula nuru mamilioni ya miaka kabla binadamu hajakuwapo.

Kwa Masinga nataka tukae kidogo. Bwawa hili lilizinduliwa mwaka 1981 kwenye Mto Tana, na ndilo la juu kabisa katika mlolongo wa mabwawa ya mto huo: chini yake yako Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yake yanatoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Ukimwuliza mtu stima ya Masinga inatoka wapi, atakujibu kwamba inatoka kwa maji yanayoporomoka na kuzungusha mitambo. Ni kweli, lakini maji hayo yalifikaje juu? Uso wa Masinga uko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mvua yetu ilikuwa maji ya Bahari ya Hindi.

Aliyeyapandisha ni jua, na kazi hiyo si ndogo. Weka lita moja ya maji baridi kwenye sufuria, uwashe moto. Yatachemka baada ya muda. Sasa endelea kuchochea mpaka sufuria ikauke kabisa. Utaona kwamba kukausha kunakula kuni nyingi kuliko kuchemsha. Ukipima sawasawa, nishati ya kugeuza maji yale yote kuwa mvuke ni karibu mara saba ya ile iliyoyafikisha kwenye kuchemka. Nuru ya jua hufanya kazi hiyo juu ya bahari nzima, kila siku, kisha upepo, ambao nao umetokana na jua kupasha joto nchi na bahari kwa viwango tofauti, unausukuma mvuke hadi milimani. Kwa hiyo taa ya umeme wa Masinga nayo ni mtoto wa jua, sawa na kaa la jiko.

Hadi hapo nadharia imeshinda kila mahali tulipoipeleka. Ila tumelitumia neno chembe kana kwamba halina ubishi, na ubishi wake ulikuwa mkali.

Zamani za kale wapo wataalamu waliofundisha kwamba jicho ndilo linalotoa miali, ikaenda kukigusa kitu, ndipo tukakiona. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alionyesha kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Baadaye Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704, aliitetea fikra kwamba nuru ni chembe ndogo zinazokwenda kasi. Mwenzake wa Uholanzi, Christiaan Huygens, alikuwa amekwisha kuandika kwamba nuru ni mawimbi. Kuanzia mwaka 1801 Thomas Young alionyesha jambo ambalo chembe haziwezi kulieleza kirahisi: nuru ikikutana na nuru, mahali pengine huzaa giza. Mawimbi hufanya hivyo, kwa sababu mwinuko wa wimbi moja ukikutana na bonde la jingine vinafutana. Mwishoni mwa karne ya 19 karibu kila mwanafizikia alikuwa upande wa mawimbi, na mtu wa chembe alihesabiwa kuwa amepitwa na wakati.

Ndipo likazuka jambo dogo la kuudhi. Mwaka 1887 Heinrich Hertz aligundua kwamba nuru fulani ikiangukia chuma, cheche za umeme huruka kwa urahisi zaidi. Mwaka 1902 Philipp Lenard alipima kwa makini elektroni, yaani chembe ndogo za umeme, zinazorushwa na chuma kilichoangaziwa. Kama nuru ni mawimbi, nuru kali zaidi ingezirusha kwa kasi zaidi. Haikuwa hivyo. Nuru kali ilirusha elektroni nyingi zaidi, lakini kasi yao haikuongezeka. Kilichobadilisha kasi ni rangi. Tena kwa vyuma vingi, nuru nyekundu haikurusha hata elektroni moja, uiongeze ukali upendavyo, ilhali nuru hafifu ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayounguza ngozi, ilizirusha papo hapo.

Mnajua embe ambalo kikonyo chake kimeshika sana. Watoto mia moja wakilirushia punje za mchanga kutwa nzima, halianguki. Mtoto mmoja akirusha jiwe moja la kutosha, embe liko chini. Hivyo ndivyo Albert Einstein alivyoliona jambo lile mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka 26, karani katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi. Alisema nuru hufika vipande vipande, na kila kipande kina kiasi chake cha nishati kinachotegemea rangi: chekundu kina kidogo, cha buluu kina zaidi, cha urujuanimno kina zaidi bado. Kipande kimoja hupiga elektroni moja. Kikiwa dhaifu, haidhuru viko vingapi.

Hiyo, wanangu, ilikuwa nadharia ya ajabu kuliko ile tunayoichunguza leo. Hata Max Planck, ambaye mwaka 1900 ndiye aliyeanzisha hesabu za nishati ya vipande, hakuikubali. Mwaka 1913 Planck na wenzake walipompendekeza Einstein aingie katika Chuo cha Sayansi cha Prussia, walimsifu sana, kisha wakaomba asihukumiwe kwa ukali kwamba huenda alikosea shabaha katika jambo hilo la vipande vya nuru. Naye Robert Millikan wa Marekani alifanya majaribio kwa miaka mingi akiamini atamwonyesha Einstein kosa lake. Ilimlazimu akwangue vyuma ndani ya chupa isiyo na hewa ili uso wao uwe safi kabisa. Mwaka 1916 alichapisha vipimo vyake, na kila kimoja kiliangukia pale Einstein alipotabiri. Millikan aliandika matokeo kama yalivyo, ingawa hakuipenda nadharia yenyewe. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1923. Einstein alipewa yake ya mwaka 1921 kwa kazi hiihii ya nuru, wala si kwa zile nyingine zilizomfanya awe maarufu.

Mkitaka kuiona kazi ya chembe hizo kwa macho, pandeni mtazame sola iliyoko juu ya mabati. Ndani yake mna silikoni. Chembe ya nuru yenye nishati ya kutosha ikiipiga, elektroni inaachiliwa na kusukumwa upande mmoja, na huo ndio umeme unaochaji simu. Chembe dhaifu inapita tu bila kufanya kitu. Chembe yenye nguvu kupita kiasi inaachilia elektroni ileile moja, na nishati iliyobaki inakuwa joto bure. Ndiyo maana sola nyingi za kawaida hutoa umeme wa takriban asilimia 20 tu ya nishati inayoziangukia. Wengi hudhani sola hupenda joto. Haipendi. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25, sola ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake, na fundi anayejua kazi yake huacha nafasi kati ya sola na mabati ili upepo upite. Saa sita mchana, anga likiwa safi, mita moja ya mraba ya paa la Machakos hupokea nishati ya wati 1,000 hivi. Ukizihesabu chembe zinazoileta kwa sekunde moja, utaandika 4 na kuifuatisha sifuri 21.

Sasa tunafika kwa mtu aliyekuwa na nadharia inayofanana sana na ile tuliyoanza nayo. Jina lake Gilbert Lewis, mkemia mkubwa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwishoni mwa mwaka 1926 alichapisha barua katika jarida la Nature. Alipendekeza kwamba kuna atomu ya aina mpya, ambayo haiwezi kuumbwa wala kuangamizwa. Inapomezwa na atomu nyingine haifi. Inakaa humo ndani kama sehemu yake mpaka siku itakapotoka tena na kusafiri. Akaipa jina: fotoni.

Kwa mujibu wa Lewis, basi, kaa lenu lina fotoni zilezile za jua zilizoingia kwenye mgunga, zimelala, zinangoja kibiriti. Ni fikra nzuri kweli. Msimulizi yeyote angetamani iwe kweli.

Ilianguka kwa hesabu. Fotoni zikiwa haziumbwi wala haziangamizwi, idadi yake lazima ibaki ileile. Tazameni mabati mchana. Yanapokea fotoni za jua, yanapata moto hata huwezi kuyashika, kisha yanatoa joto hilo kwa nuru isiyoonekana kwa macho. Nuru hiyo ya joto nayo ni fotoni, ila dhaifu sana, kwa hiyo lazima ziwe nyingi zaidi ndipo zibebe nishati ileile. Dunia nzima hufanya hivyo: kwa kila fotoni moja ya jua inayoipokea, hurudisha angani kama 20 hivi zilizo dhaifu. Nishati inayoingia na inayotoka zinakaribiana sana; idadi ya fotoni hailingani kabisa. Zile 19 za ziada zilikuwa zimejificha wapi? Hazikujificha popote. Zimezaliwa pale pale. Fotoni huzaliwa na kufa kila wakati. Balbu ikiwashwa zinazaliwa, zikigonga ukuta mweusi zinakufa, na kinachobaki ni nishati ziliyoibeba.

Nadharia ya Lewis ikazikwa, lakini jina alilolitoa lilipendwa na wanafizikia, likabaki. Leo kila mtu anasema fotoni.

Shikeni tofauti hiyo, maana kesi yetu yote inaegemea hapo. Fotoni inabeba nishati. Haijasemwa bado kwamba ndiyo inayoizaa.

Na kabla hatujaendelea nataka tupite Kyamwilu, upande wa Kituluni, nje kidogo ya mji wa Machakos. Wengi wenu mmefika. Unamwaga maji ya chupa kwenye lami, nayo yanatambaa kupanda mlima. Dereva anaweka gari gia huru, nalo linajivuta lenyewe kuelekea juu. Wageni hushangilia, watoto wa hapo huuza maelezo, na kila mzee ana hadithi yake. Macho yanaapa kabisa kwamba maji yanapanda. Lakini macho hukadiria mteremko kwa kulinganisha na upeo wa mbali, na mahali penye vilima vilivyopinda na upeo uliofichika, hukosea. Mwashi akileta pima maji, au mpima ardhi akileta vyombo vyake, upande unaoonekana wa juu ndio wa chini. Maji ya Kyamwilu yanateremka kama maji mengine yote. Nadharia yetu pia imeonekana nzuri kila tulipoitazama, kwa hiyo nayo tuitafutie pima maji.

Pima maji hiyo iko Olkaria, karibu na Naivasha, katika Bonde la Ufa. Mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 1981, mwaka uleule wa Masinga. Pale huchimbwa visima virefu, mvuke unapanda kwa kishindo, unazungusha mitambo. Leo zaidi ya thuluthi ya umeme wa Kenya hutokana na joto la ardhini. Je, hilo nalo ni mtoto wa nuru ya jua?

Hapana. Joto la jua haliingii ndani ya ardhi zaidi ya mita chache. Ukichimba shimo la mita 20, hutajua kama juu ni Januari au Julai. Joto la Olkaria linatoka chini, na lina asili mbili. Kuna lililobaki tangu dunia ilipoundwa miaka bilioni 4.5 iliyopita, vipande vya miamba vilipogongana na kukusanyika kwa nguvu ya uvutano. Na kuna linaloendelea kuzalishwa sasa hivi na elementi kama urani, thori na potasi, ambazo viini vya atomu zake vinavunjika polepole na kutoa nishati. Hakuna chembe ya nuru iliyoiweka nishati hiyo hapo. Jua likizimwa leo, mvuke wa Olkaria ungeendelea kuvuma.

Mashahidi wengine wako Mombasa. Bahari inapojaa na kupwa pale Nyali, maji mengi kupita kiasi yanainuliwa na kushushwa mara mbili kwa siku. Anayeyavuta ni mwezi, akisaidiwa na jua, kwa uvutano wa uzito wao. Usiku wa giza nene, bila nuru hata ya mwezi kuonekana, maji hujaa kama kawaida.

Mtetezi wa nadharia anaweza kusema: sawa, basi tuseme nishati nyingi ya duniani, si yote. Hapo mimi na yeye tunakaribiana. Lakini bado kuna swali ambalo nimelihifadhi tangu mwanzo. Fotoni iliyoanguka Machakos leo asubuhi iliondoka kwenye uso wa jua dakika nane na sekunde ishirini hivi kabla. Yenyewe ilipewa nishati na nani?

Swali hili liliwatesa watu wakubwa. Katika karne ya 19 Lord Kelvin alipiga hesabu kwamba jua linang'aa kwa sababu linajibana kwa uzito wake lenyewe, na kwamba kwa njia hiyo haliwezi kuwa na umri wa zaidi ya makumi kadhaa ya mamilioni ya miaka. Wataalamu wa miamba walikataa, kwa kuwa dunia ilionyesha dalili za kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Mwaka 1920 Arthur Eddington wa Uingereza alitoa wazo kwamba hidrojeni ikigeuzwa kuwa heli, uzito kidogo unapotea, na uzito huo unakuwa nishati. Tatizo ni kwamba wakati huo wengi waliamini jua limeumbwa kwa vitu vilevile vya dunia: chuma, silikoni na kadhalika. Hidrojeni ya kutosha ingetoka wapi?

Aliyejibu ni msichana wa miaka 25, Cecilia Payne, Mwingereza aliyekwenda Marekani kwa sababu kwao wanawake hawakupewa nafasi ya kusonga mbele katika elimu ya nyota. Katika tasnifu yake ya mwaka 1925 alichambua nuru ya nyota, akakuta kwamba hidrojeni imezidi kila kitu kingine kwa mbali sana. Mtaalamu mkubwa wa siku zile, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani, na Payne akalazimika kuandika kwamba huenda matokeo yake si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, akafika palepale na kukiri kwamba binti yule alikuwa sahihi. Mwaka 1939 Hans Bethe akaeleza hatua kwa hatua jinsi viini vya hidrojeni vinavyoungana.

Ndani kabisa ya jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15 hivi, tani milioni 600 za hidrojeni huungana kila sekunde. Karibu zote hugeuka kuwa heli, lakini tani kama milioni 4 hazionekani tena: zimekuwa nishati. Nishati hiyo hupenya kutoka kitovuni polepole mno, fotoni zikizaliwa na kumezwa na kuzaliwa upya, safari inayochukua makumi ya maelfu ya miaka au zaidi, mpaka ifike juu na kuachiliwa. Fotoni ya asubuhi ya leo ni ya mwisho katika ukoo mrefu, na babu wa ukoo huo hakuwa fotoni. Alikuwa viini viwili vya hidrojeni vilivyokaribiana vikashikana.

Tena si nishati yote ya jua inayosafiri kwa nuru. Kama asilimia 2 huondoka na chembe ziitwazo nutrino, ambazo hupita katika kila kitu karibu bila kugusa. Zaidi ya bilioni 60 zinapita kwenye ukucha wako wa kidole gumba kila sekunde unaposoma mstari huu, mchana zikitokea juu, usiku zikitokea chini baada ya kuipenya dunia nzima. Jua lina wachukuzi wengine ambao macho yetu hayatawaona kamwe.

Hukumu yangu ni hii. Nadharia inayosema chembe za nuru ndizo chanzo cha nishati yote si ya kweli. Inashindwa Olkaria, inashindwa Mombasa, na inashindwa katikati ya jua lenyewe. Lakini ukiirekebisha ikasema kwamba chembe za nuru ndizo zinazotuletea sehemu kubwa mno ya nishati tunayoitumia, inasimama imara, na ushahidi wake umejaa kuanzia Katumani hadi Masinga.

Kwenu mlio katika sekondari, kuna mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule yanayoanzia ngazi za chini na kupanda hadi ya taifa. Mwenye nadharia yake, hata ikiwa ya ajabu, aipeleke huko, lakini aambatanishe jaribio linaloweza kuiangusha. Mwenye kukosa pa kuanzia aanze na hili: azime mita ya umeme kwa fundi, achukue sola ndogo iliyopoa kivulini, aiweke juani na kupima volti mara moja, kisha aiache hapohapo saa nzima na kupima tena. Aandike namba zote mbili kama zilivyo, na msilitazame jua kwa macho matupu mnapofanya kazi hiyo.